Joto la Kiti cha Kushoto

Haya aliniambia Mama Sindano mwenyewe, mwaka jana, mchana ule alipokuja kunifumulia kochi langu lililobonyea. Alikuwa akisimulia pini ziko mdomoni, na mimi sikumkatiza, maana mwenye pini mdomoni ukimchekesha umemuua.

Wiki iliyopita tulimwacha wapi? Tulimwacha amepiga magoti kwenye banda la gari la watu, mkono umezama mpaka kiwiko chini ya kiti cha abiria. Akapiga ukelele.

Mdogo wake, yule tunayemwita Spidi, aliruka nyuma akakanyaga ndoo.

"Nyoka!"

"Nyoka babu yako!"

"Babu yangu ni babu yako pia, dada."

"Nyamaza. Nipe tochi."

Aliyechelewa kuingia na asogee, nafasi ipo. Spidi alikuwa anataka kununua gari la spoti, la milango miwili, chini kama kobe, viti vyake ngozi ya rangi ya ganda la yai. Mwenye kuliuza ni daktari wa meno aliyestaafu, mzee mkimya, ambaye mkewe alifariki miaka mitatu nyuma. Spidi alimleta dada yake kwa sababu Mama Sindano ameshona viti vya magari miaka thelathini, na hana imani na kitu kingine chochote ndani ya gari.

"Mita ya kilomita hurudishwa nyuma kwa dakika kumi," husema. "Makalio hayarudishwi."

Na akipewa ngozi nyeupe kuikagua hufurahi zaidi. Ngozi nyeusi ni mtu mzima, inajua kuficha. Nyeupe ni mtoto mdogo, inasema yote mbele ya wageni.

Tochi ikaja. Mama Sindano akalaza shavu sakafuni, akamulika.

Kilichomshtua hakikuwa nyoka. Kilikuwa fundo la uzi.

"Daktari," aliita bila kuinuka, "kiti hiki nani alikishona?"

"Kiwandani, nadhani."

"Baada ya kiwanda."

"Hakuna. Hilo gari halijaenda kwa fundi wa viti tangu nilipolinunua. Na halijatoka humu bandani tangu mke wangu alipoondoka duniani."

Mama Sindano akarudi kulimulika lile fundo. Spidi, ambaye kimya humuwasha kama upupu, akauliza, "Fundo tu, dada? Fundo ndilo lililokutoa roho?"

"Si fundo tu. Ni la Shoto."

Spidi akakaa juu ya ndoo.

Shoto ni binti wa Mama Sindano, mmoja tu, hana mwenzake. Aliitwa hivyo kwa sababu alishona kwa mkono wa kushoto. Mafundi wote wa karakana ya mama yake walimaliza mshono kwa mafundo mawili, wakakata. Shoto alikuwa na lake: alirudisha mkia wa uzi kwenye matundu matatu, akaulaza upande wa kushoto, akauficha kama mtu anayemfunika mtoto. Mama yake aliita jambo hilo kupoteza uzi.

Miaka minne iliyopita, mbele ya mteja na mafundi wote, Mama Sindano alichukua wembe akaufumua mshono wa binti yake, mzima, mwanzo mpaka mwisho. Akacheka. Akasema, "Mshono wa kushoto haukai."

Shoto akaweka sindano mezani. Akaondoka na nguo alizovaa.

Baada ya miaka miwili basi likaungua barabara kuu. Katika mabaki ukakutwa mkoba wa Shoto, na kitambulisho chake kimeungua pembe. Wakakaa matanga bila maiti. Hata hivyo Mama Sindano hakuwahi kusema neno "marehemu". Ulimi wake ulilikataa.

Na sasa fundo.

"Labda alilishona zamani," Spidi alisema polepole. "Kabla ya... kabla ya lile basi."

"Ndicho ninachotaka kujua. Ondoka kwenye mwanga."

Akaupitisha ukucha juu ya uzi. Uzi wa viti hupakwa nta. Nta ikikaa msimu mmoja hukauka ikang'oka kama ukoko. Hii iliingia chini ya kucha, laini, na ilinukia.

Akanusa kidole. Akanusa tena.

"Haijamaliza mwezi," alisema.

"Dada."

"Haijamaliza mwezi, Spidi!"

Daktari wa meno alikuwa mlangoni, ufunguo wa banda umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fundi," alisema, "inuka, tafadhali. Kama mmeshaona gari, tumalize."

"Sijaona gari. Ndiyo kwanza naanza."

Mama Sindano akaanza kukisoma kile kiti kama mtu anavyosoma barua iliyochelewa kufika.

Kwanza alikwenda kwenye kiti cha dereva. Gari la chini namna ile huingii, unaanguka ndani. Na kutoka hutoki, unapanda. Kwa hiyo ubavu wa nje wa kiti ndio hufa wa kwanza, paja linausugua kila safari. Akaubonyeza ubavu ule kwa dole gumba. Ngozi ikafanya mikunjo midogo midogo, kisha ikarudi mahali pake.

"Ngozi hai," alisema. "Hiki hakijatumika sana. Mita yako haisemi uongo, daktari."

"Sikusema uongo mimi."

"Hukusema. Ila umeacha kusema."

Akaja kiti cha kushoto, cha abiria. Akabonyeza. Ngozi haikukunjika, ilipasuka, mistari mistari, kama tope lililokauka. Rangi ya ganda la yai ilikuwa imeondoka kwenye ubavu mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Sponji imelala upande mmoja. Juu, kwenye mto wa kichwa, palikuwa na doa la mafuta ya nywele, na halikuwa katikati. Lilikuwa pembeni.

Akalowesha kitambaa cheupe, akasugua. Muuzaji mjanja hupaka rangi, na kitambaa humuumbua. Kitambaa kikatoka safi. Hapakupakwa kitu. Uchakavu wenyewe ulikuwa wa kweli.

"Spidi, njoo nikufundishe. Gari likienda, nani lazima awemo?"

"Dereva."

"Na abiria?"

"Akitaka."

"Basi vipi kiti cha abiria kizeeke kabla ya cha dereva?"

Spidi akakuna kichwa. "Labda mzee alikuwa anamtembeza sana mama, mpaka... hapana. Hata hapo dereva angekuwemo."

"Umeona. Mtu amekaa hapa gari likiwa halina dereva, wala haliendi. Amekaa siku nyingi. Amelala, tena kwa ubavu, ndiyo maana mafuta yako pembeni. Daktari, nani analala kwenye gari lako?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.

"Mke wangu."

Spidi akainuka kwenye ndoo.

"Kila asubuhi nakuja kukaa hapo kwenye usukani," daktari aliendelea. "Dakika tano tu. Namsalimia. Hapo kushoto ndipo palikuwa pake. Tangu mwaka uliopita nikawa naona kiti kimebonyea. Nakisawazisha kwa mkono. Kesho yake kimebonyea tena. Alasiri nikiwa barazani nasikia ngozi inalia, kama mtu anajigeuza. Nikija mbio, hakuna mtu. Nikigusa..." Akanyoosha kidole kwenye kiti. "Kuna joto, fundi. Kiti kina joto."

"Na unakiuza hivyo hivyo?" Spidi aling'aka. "Na joto lake? Mzee, ungeandika hata kwenye tangazo!"

"Nauza kwa sababu nimeanza kuogopa. Mtu hamwogopi mkewe. Nimejionea aibu."

Hapo Mama Sindano angeweza kunyamaza. Lakini mikono yake ilishafika kwenye ubavu wa kiti, kwenye ukingo kabisa, na tochi ikaonyesha kivuli chepesi, cha buluu. Ngozi nyeupe hunywa rangi ya nguo. Kila fundi anaijua buluu ile, haitoki hata uilie.

"Daktari, mkeo alivaa jinzi?"

"Mke wangu? Hakuvaa suruali maisha yake yote."

Neno likamtoka kabla hajalipima. Kisha akalisikia. Akashika nguzo ya mlango.

"Hii ni ya jinzi," Mama Sindano alisema. "Tena mpya. Mtu mwembamba, anayelalia ubavu wa kushoto, anayeshona kwa mkono wa kushoto. Kiti kilipasuka akakiziba kwa chini, pasipoonekana, asikuharibie mali. Huyo si mkeo, baba. Huyo ni mwanangu."

"Nyamaza."

"Ni mwanangu, yuko hai, anakuja—"

"Nimekwambia nyamaza!" Yule mzee mkimya alipiga kelele mpaka bati likajibu. Kisha akanywea. "Nimemzika mara moja. Umekuja na kitambaa chako na tochi yako, umeniulia mke mara ya pili."

Ndani ya banda lile moja, mmoja alikuwa anafiwa, na mwenzake anafufuliwa mtu.

Spidi akakohoa. "Sasa... gari tunanunua au hatununui?"

"Toka nje!" wote wawili wakamwambia kwa pamoja.

Alipotoka, Mama Sindano akamwendea mzee. "Nipe siku moja, baba. Moja tu. Kama ni wako, nitakuomba radhi kwa magoti. Kama ni wangu, utanisaidia kumkuta."

Daktari akasogea kando, akampisha.

Mama Sindano akatoa sindano yake iliyopinda. Pale ubavuni, penye mpasuko mkubwa, akaanza kushona. Alishona vizuri kuliko alivyowahi kushona, kwa mkono wa kulia, hatua ndogo zinazolingana. Alipofika nusu, akaacha. Sindano akaichomeka kwenye sponji, uzi ukining'inia.

"Tumekuja kununua gari," Spidi alinung'unika kutoka mlangoni, "sasa tunatega panya."

"Fundi hawezi kuona mshono wa nusu akaupita," Mama Sindano alisema. "Hawezi. Mkono unamwasha."

Daktari akafunga mlango mkubwa mwenyewe, akazungusha ufunguo mara mbili, akaurudisha shingoni. Ulikuwapo pia mlango mdogo wa nyuma, wa kwenda uchochoroni. Bawaba zimeshika kutu, na buibui ametandika utando wake toka pembe hadi pembe.

Mama Sindano aliuona utando ule. Aliuona, akajifanya hakuuona.

Kesho yake walirudi jua limeshapita utosini. Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya banda, kama askari, macho mekundu.

"Sijasogea hapa tangu jana," alisema. "Chai nimenywea hapa. Hakuna aliyepita."

"Fungua."

Akafungua. Banda lilikuwa na harufu ya vumbi, mpira na ngozi kuukuu. Mama Sindano alikwenda upande wa kushoto, akafungua mlango wa gari, akainama.

Akapiga magoti, akamulika.

Mshono wake haukuwapo.

Ulikuwa umefumuliwa, mzima, mwanzo mpaka mwisho. Na mahali pake palikuwa na mwingine, umefika hadi mwisho wa mpasuko, hatua zake zimeinamia kushoto, zimelala juu ya ngozi kama pumzi ya mtu aliyelala. Ulikuwa mzuri kuliko wake. Alijua, maana ndiyo kazi yake kujua. Mkia wa uzi ulirudi kwenye matundu matatu ukafichwa.

Juu ya dashibodi, vipande vya uzi vilivyofumuliwa vilikuwa vimekusanywa, vikaviringwa kimpira kidogo kama punje ya mahindi. Shoto alipokuwa na miaka sita ndiyo ilikuwa kazi yake karakanani: kuokota vipande vya mama, asije mtu akateleza.

"Amenifumua," Mama Sindano alisema. Akacheka, na machozi yakaja humo humo ndani ya kicheko. "Spidi, njoo uone. Amenifumua, mtoto yule! Mbele ya mteja!"

Spidi hakuja. Alikuwa nyuma ya banda, amesimama wima kama mti wa simu.

"Dada," aliita. "Huku."

Mlango mdogo ulikuwa vilevile. Kutu vilevile. Na utando wa buibui ulikuwa mzima, toka pembe hadi pembe, haukukatika hata uzi mmoja.

Mama Sindano akaja, akauona, akaacha kucheka.

Wakaangalia juu: bati limepigiliwa. Wakaangalia chini: saruji. Dirisha hakuna. Mlango mkubwa, ufunguo shingoni mwa mzee, na mzee mwenyewe mbele yake mchana na usiku.

Daktari alikuja taratibu akasimama kando yake. Jana alikuwa amezeeka miaka kumi kwa dakika moja. Leo uso ulikuwa umenyooka. Alinong'ona kama kwa upole.

"Sasa, fundi. Nani alisema ni mtu aliye hai?"

Lo! Dunia mduara. Jana yeye ndiye aliyemnyang'anya mzee mfu wake. Leo mzee anamrudishia wake, katika hali ile ile ambayo ulimi wake ulikataa kuitaja. Nta laini ilisema yupo. Buluu ya jinzi ilisema yupo. Utando ulisema hapana. Na Mama Sindano, ambaye miaka thelathini alimwambia kila mnunuzi kwamba kiti hakidanganyi, hakujua amwamini nani.

"Tuondoke," Spidi alisema. "Gari silitaki. Hata nikipewa na mafuta ndani. Twende, dada."

"Nenda ukanisubiri kwenye pikapu yetu."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka. Nataka kukaa."

"Ukae wapi?"

Mama Sindano alivua viatu, kama mtu anayeingia ndani kwa watu, akajishusha kwenye kiti cha kushoto.

Daktari akataka kumzuia, mkono ukainuka, ukarudi. "Ni pa mke wangu hapo," alisema, lakini bila nguvu.

"Najua, baba. Ni pa watatu sasa: mkeo, mwanangu na mimi. Kaa hapo nje. Acha mlango mkubwa wazi. Atakayekuja, awe wako awe wangu, tumpokee."

Mzee akaenda akaketi kwenye kiti chake mbele ya banda. Hakuwa amelala tangu jana. Kichwa kikamwelemea, kidevu kikagusa ufunguo, akaanza kukoroma kwa adabu, kama watu waliosoma. Huko barabarani Spidi alikuwa ameinua miguu juu ya dashibodi ya pikapu akisema hatofumba jicho hata kidogo, na neno "kidogo" halikumalizika.

Akabaki mmoja.

Mama Sindano aliegemea. Bonde la sponji lilikuwa jembamba kwake, akageukia ubavu wa kushoto, likamkaa. Shavu likafika kwenye doa la mafuta ya nywele. Akalinusa. Mafuta ya nazi na kitu kingine, kama pensili iliyochongwa. Mtoto wake alichomeka pensili nyweleni siku zote, ya kuchorea mikato.

Kidole chake kikautafuta mshono, kikapita juu yake, nenda, rudi. Hatua hazikulegea popote.

Na kiti kilikuwa na joto. Siyo joto la jua, jua halifiki humo. Lilikuwa joto lile la godoro mtu anapoamka ukalala mahali pake.

Hakuogopa. Aliniambia hivyo na mimi nimemwamini. Alifumba macho akasema, si kwa nguvu, kama mtu anayezungumza na mwenzake wa chumba kimoja:

"Nilikosea. Wa kushoto unakaa."

Mzee anakoroma. Nzi mmoja kwenye bati.

Kisha ngozi ikalia. Siyo ya kiti chake. Ilikuwa ya pili, ya upande wa usukani, ile ngozi hai: ilifanya mikunjo midogo midogo, polepole, chini ya uzito wa mtu anayeshuka kukaa. Gari likainama kidogo upande ule, kama linavyoinama kwa mtu mwembamba.

Mama Sindano hakufumbua macho. Akifumbua akaona hakuna mtu, amemzika. Akifumbua akamwona, huenda mtoto akakimbia tena. Bora kope zikae zilivyo. Moyo ulimpiga kama cherehani isiyo na kitambaa, kisha ukaanza kupungua, kupungua.

Mkono ukapita mbele ya kifua chake bila kumgusa. Ukavuta mkanda kutoka ubavuni. Mkanda ukashuka juu yake kama shuka, ukaingia mahali pake.

Ta!

Na usingizi, ambao kwa miaka minne ulikuwa ukimpita mlangoni bila kubisha, ukamchukua Mama Sindano kabla hajauliza, "Tunakwenda wapi?"